Shule Hii Ikoje? Sema Kweli

Jumatatu, 4 Mei

Wiki ya nne kwenye ukuta huu. Ukuta wa shule ya sekondari ya serikali, mrefu kuliko subira yangu. Unaanza getini, unazunguka uwanja, unapita nyuma ya madarasa, unarudi getini. Kazi ni mikono miwili ya rangi nyeupe. Wa kwanza leo, ukauke, wa pili kesho. Mabega yamechoka. Shingo imekataa kugeukia kushoto.

Mama watoto amepiga simu mapumziko ya mchana. Binti yetu amefaulu. Furaha. Kisha maelezo: fomu ina nafasi mbili, shule ya kule nyumbani na shule moja ya huku niliko. Achague moja, fomu irudi kabla ya Jumatatu ijayo. Nikauliza hiyo ya huku ni ipi. Akaitaja. Nikageuka (kulia) nikaitazama. Ndiyo hii ninayoipaka.

Akasema afadhali, mimi niko hapo hapo, niitazame kama ni nzuri niwaambie. Nikamjibu hilo dogo sana.

Si dogo. Simu ilipokatika niligundua kwamba kwa wiki tatu nzima nimeijua shule hii kwa nje tu, kama mtu anavyomjua jirani kwa nguo alizoanika.

Jambo jingine naliandika hapa na si kwingine. Sijakaa na binti tangu akiwa darasa la pili. Nimemwona likizo mbili. Nikisema shule hii ni nzuri, nitakuwa nimesema kwa kuwa ni nzuri, au kwa kuwa namtaka karibu? Sijiamini. Niliishia darasa la sita, sina kipimo changu. Shule mbaya ni miaka minne ya mtoto, hairudishwi dukani. Basi lazima niulize watu.

Nimeanza na Profesa, tunayepaka naye. Tunamwita hivyo kwa sababu alifika kidato cha pili na hajawahi kuacha siku ipite bila kulitaja. Amesema shule hupimwa kwa vyoo. Nikauliza vyoo vya hapa vikoje. Hajaviona. Lakini kwa harufu ya upande wa kaskazini, amesema, elimu ya hapa ni ya wastani.

Nimemuuliza mama wa chai pale getini. Amesema shule nzuri, wanafunzi wakipewa kikombe wanasema asante. Mlinzi amesema yeye haongei na mafundi rangi kuhusu mambo ya ndani. Nimemuuliza kuna mambo gani ya ndani. Akafunga dirisha.

Sasa nataka kujua kweli kweli.


Jumanne, 5 Mei

Mpango wa kwanza. Nimeingia kama mzazi.

Nilileta shati safi kwenye mfuko. Mapumziko ya mchana nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikavaa, nikamwambia Profesa anishikie ngazi. Akasema ngazi haiendi popote. Nikapita getini kwa mwendo wa mtu mwenye mtoto wa akili. Mlinzi alinitazama miguu. Viatu nilivisahau. Vina rangi nyeupe hadi kwenye kamba.

Ofisini karani hakuinua kichwa. Kabla sijamaliza kusema shikamoo akaniambia nimechelewa, sinki la maabara limeziba tangu wiki iliyopita, mlango wa tatu kulia. Nikasema mimi ni mzazi. Akasema hata yeye ni mzazi, mlango wa tatu.

Nimezibua sinki. Saa nzima. Lakini macho hayana pazia, nimeona mengi. Maabara ina chupa nyingi, nusu tupu. Ina mifupa ya mtu mzima imening'inia kwenye chuma, ya kufundishia, na mifupa yenyewe haina kichwa. Nimemuuliza mwanafunzi aliyekuwa anafagia kichwa kimeenda wapi. Akasema kilikuwepo kabla yake. Wanakariri mifupa ya kichwa kwa kujigusa.

Chumba cha pili palikuwa na somo la hesabu. Nikiwa na mikono ndani ya sinki nilimsikia mwalimu vizuri. Alieleza jambo moja mara nne, kila mara kwa njia nyingine, bila kukasirika. Mara ya tatu nililielewa. Mimi, na mkono ndani ya bomba. Nilishtuka hadi nikaangusha spana. Mara ya nne ilikuwa ya wengine, nilimhurumia.

Sijui niweke wapi hayo. Mifupa bila kichwa upande huu, mwalimu wa mara nne upande ule. Mizani imekaa sawa.

Nyapara alikuwa akinisubiri ukutani. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema sinki. Akasema hakumbuki kunipa sinki.


Jumatano, 6 Mei

Mpango wa pili. Kuuliza wenyewe wanaosoma.

Saa ya mapumziko wanafunzi wanakaa kivulini karibu na ukuta, upande wa ndani. Nikapanda ngazi, nikajifanya nafuta kona, nikauliza kwa sauti ya kawaida: jamani, shule hii ikoje?

Wasichana watatu. Wa kwanza akasema nzuri sana, fundi. Wa pili akasema mbaya mno, fundi, usimlete mtu. Wa tatu akawanyamazisha wenzake, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema sijatumwa. Akasema wote huwa wanasema hivyo. Baada ya hapo wote watatu wakaisifu shule kwa pamoja, kama wanaimba, mpaka kengele ikalia.

Wazazi je? Jioni wanapita njia ya nyuma ya ukuta kwenda kituoni, wengine wamewafuata watoto. Nimemsimamisha baba mmoja mwenye mkoba. Akaangalia saa yake, akasema shule ni mzazi. Akaenda. Nimemsimamisha mama mmoja. Akasema inategemea. Nikauliza inategemea nini. Akasema inategemea nani anauliza.

Ndipo akili ikanijia, nikiwa nimeshika rola. Hakuna mtu anayesema kweli usoni pa mtu. Ila wape watu mahali peupe pasipo na mwenyewe. Na nina mahali peupe. Nina mita nyingi za mahali peupe.

Kipande cha nyuma, kinachotazama njia, nimekipaka mkono wa kwanza leo asubuhi. Mkono wa pili ni kesho alasiri. Kati ya hapo ukuta haukuwa na kazi, ulikuwa umekaa tu unakauka. Nimechukua ile kalamu nene ya wino tunayoandikia namba za ndoo, nikaandika kwa herufi kubwa: SHULE HII IKOJE? SEMA KWELI. Nikapigilia msumari, nikafunga kalamu kwa uzi. Watu waandike, mimi ninakili, kisha napaka mkono wa pili juu yake. Siri inazikwa. Hakuna anayejua, hakuna anayeumia.

Profesa amesema hakuna mtu mzima atakayeandika ukutani. Nikasema tutaona. Amesema pia kuna jambo kuhusu kalamu ile, lakini nilikuwa nimechoka kusikilizishwa kidato cha pili. Sikumuuliza.


Alhamisi, 7 Mei

Ukuta umejaa.

Nilifika asubuhi nikakuta maandishi kutoka usawa wa magoti mpaka juu ya kichwa changu. Watu walibebana mabegani. Kalamu imebaki nusu. Nimekaa juu ya ndoo nimenakili kila kitu kwenye daftari hili, kurasa sita. Naweka hapa machache.

"Walimu ni wazuri. Tatizo lao wanakuja kila siku."

"Mwanangu alikuja hapa hajui kuamka asubuhi. Sasa anaamka. Mengine sijui."

"Maktaba ina vitabu vingi. Ufunguo alihama nao mwalimu."

"Tuko sitini na wanane darasani. Mwalimu wa hesabu ananiita Wewe wa Dirishani. Mwaka wa tatu huu."

"Wanafundisha vizuri. Mimi ndiye sielewi."

"Nimesoma hapa zamani. Paa la bwalo lilikuwa linavuja. Nafurahi kuona mila inaendelezwa."

"Mwanangu alipata daraja la kwanza. Shule bora."

Na chini yake, mwandiko mwingine, umebonyezwa kwa nguvu: "Wangu alipata la mwisho. Walikaa dawati moja."

Hapo nilikaa muda mrefu. Dawati moja. Mwalimu yule yule, ubao ule ule, mvua ile ile inavuja. Mmoja huku, mmoja kule. Sasa shule ilikuwa ipi?

Kuna fundi cherehani ametangaza kazi yake. Kuna mtu ameandika kwamba anampenda wa kidato cha tatu, hakusema yupi. Kuna mtu ameandika "Shule hujulikana kwa vyoo" kwa mwandiko ninaoufahamu, na mwenye mwandiko huo alikuwa nyuma yangu anakoroga rangi kwa bidii isiyo ya kawaida.

Nimehesabu. Nzuri, kumi na tisa. Mbaya, kumi na tisa. Zisizoeleweka, tano. Nimehesabu tena nikianzia chini. Kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Penye wengi hapaharibiki jambo, lakini pia wakati mwingine halitengenezeki.

Alasiri nimepaka mkono wa pili, mzito. Ukuta mweupe kama maziwa. Nyapara amepita, amesema leo kwa mara ya kwanza kipande changu kinapendeza.


Ijumaa, 8 Mei

Siku mbaya.

Maandishi yamerudi. Yote. Nilipowasili jua lilikuwa linapiga ukuta sawasawa na niliyaona kutoka njiani. Rangi ya zambarau iliyopauka, kama mishipa mkononi mwa mzee. SHULE HII IKOJE imetokeza ya kwanza, kwa kuwa nilibonyeza sana.

Profesa alisimama kando yangu kwa heshima kama tuko msibani. Kisha akaniambia ndilo jambo alilotaka kuniambia Jumatano. Wino wa kalamu ile hauzibwi na rangi ya maji. Unapenya. Lazima kwanza upakwe rangi ya mafuta, ndipo ya maji ije juu. Kila fundi rangi anajua hilo. Nikasema mbona hukuniambia. Akasema nilimwambia nimeshasoma vya kutosha kwa siku moja. Kweli nilisema hivyo.

Nikapaka mkono wa tatu. Saa mbili baadaye ulipenya. Nikapaka wa nne. Ulipenya vizuri zaidi. Kadiri ukuta unavyozidi weupe ndivyo wino unavyozidi kusomeka. Rangi ya mafuta imekwisha stoo, nyingine inakuja Jumatatu.

Na kesho ni mkutano wa wazazi. Hilo nimelijua leo kwa mama wa chai, ambaye ameagiza vikombe mia.

Nyapara alikuja saa sita. Alisoma kimya, akifuata kwa kidole. Kwenye mstari wa bwalo linalovuja nilimwona mdomo unacheza, lakini akaushika. Kisha akasema maneno machache. Kesho mkuu wa shule akiona hata herufi moja, mimi nitafute ukuta mwingine katika mji mwingine. Nimemjibu ndiyo, bosi.

Nimepiga hesabu ya jambo lenyewe. Nikifukuzwa nahama. Nikihama, binti akija huku anamfuata nani? Nilianza kutafuta kama shule inamfaa, sasa natafuta kama mimi nitakuwepo.

Mama watoto akapiga simu katikati ya hayo. Akauliza nimeona nini. Nikasema bado nachunguza, maoni yamegawanyika. Akauliza maoni ya nani. Nikasema ya wananchi. Nikamsikia binti nyuma yake anaomba simu, anasema ana neno. Nikasema amwambie atulie kwanza, hili ni jambo la watu wazima. Kisha nikasema mtandao unakatika.

Jioni nimefunika kipande chote kwa turubai la bluu. Nimelikaza kwa misumari na mawe. Halionyeshi chochote. Turubai kubwa, la bluu, kwenye ukuta mweupe. Hakuna atakayeliona.


Jumamosi, 9 Mei

Wameliona wote.

Saa tatu asubuhi wazazi walikuwa bado hawajaingia ukumbini. Walikuwa wamesimama mbele ya turubai. Mmoja alisema ni jiwe la msingi, mgeni rasmi atafunua. Mwingine akauliza mgeni rasmi nani. Mwingine akasema wameficha ufa, hela ya ukarabati imeliwa. Nilikuwa nimesimama pembeni na brashi kavu, napaka hewa.

Bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake hakujadiliana na mtu. Aliinama, akainua pembe ya turubai kama anachungulia sufuria, akamwambia mjukuu asome. Yule mtoto ndiye wa tatu kati ya wale wasichana wa kivulini, yule wa umetumwa na nani. Akasoma kwa sauti ya darasani: "Walimu ni wazuri. Tatizo lao wanakuja kila siku." Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha mikono mingi ikashika turubai, misumari yangu ikang'oka moja moja.

Mkuu wa shule alikuja. Ni mama mfupi, anatembea taratibu, na kila anapopita kelele zinashuka. Alianza mwanzo wa ukuta akasoma mpaka mwisho. Hakuruka. Kisha akarudi kwenye swali. Akauliza nani aliandika hili la juu.

Profesa aligeuka. Alinielekezea brashi tu.

Nikasema ni mimi, mwalimu. Akauliza kwa nini. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri tangu alfajiri, wa watu wasiojulikana, lakini ulinikimbia. Nikasema nina binti amechaguliwa hapa na kule nyumbani, mimi sikusoma sana, sijui shule nzuri inafananaje, nikaona niulize wanaojua.

Akalisoma swali tena. Nyapara alikuwa ameanza kusogea kuja kwangu. Mkuu akamzuia kwa mkono, bila kumtazama. Akasema yuko hapa mwaka wa tisa, kila mkutano wazazi wanamuuliza rangi ya sweta. Hajawahi kuulizwa hili. Akaagiza viti viletwe nje.

Mkutano ukafanyika ukutani. Sijawahi kuona watu wazima wakigombana kwa furaha namna ile. Mama wa daraja la kwanza alijitokeza, na baba wa daraja la mwisho naye akajitokeza. Ni yule mwenye mkoba, wa shule ni mzazi.

"Wako alikuwa anamwonyesha wangu majibu?" baba akauliza.

"Angekuwa anamwonyesha, wako angepata la mwisho?" mama akajibu.

Watu wakashika mbavu. Baba mwenyewe akacheka, baadaye kidogo kuliko wengine.

Mwalimu wa hesabu aliuliza nani ni Wewe wa Dirishani. Wanafunzi wakatazamana. Kisha yule mjukuu wa bibi akainua mkono nusu. Mwalimu akamtazama sana. Akamuuliza jina lake. Akamwomba alirudie. Akatoa chaki mfukoni, akaliandika kwenye kiganja chake mwenyewe. Hakusema samahani, lakini siku nzima nilimwona ameufunga ule mkono asilifute.

Likaja suala la maktaba. Mkuu akaulizwa ufunguo. Akasema ameuandikia barua tatu. Bibi akauliza barua inafungua mlango? Mkuu akamtazama bibi, akanitazama mimi, akauliza mafundi mna nyundo. Profesa akawa amefika mlangoni kabla sijaipata. Kufuli lilitoka kwa mapigo mawili. Ndani vumbi, vitabu mpaka juu, na kwenye rafu ya kamusi kichwa cha yule mtu wa maabara, kimetulia, kinatutazama. Mwanafunzi mmoja amekibeba kwa mikono miwili kumpelekea mwenyewe.

Sikufukuzwa. Nyapara amesema Jumatatu nitapaka kipande kile upya, mafuta kisha maji, kwa muda wangu wa chakula. Nimekubali haraka.

Mkuu aliponiaga aliniuliza nimeamuaje sasa. Nikamwonyesha daftari. Nikasema nina maoni arobaini na matatu. Akasema, "Fundi, una arobaini na matatu na lako hata moja huna." Akaondoka taratibu vile vile.

Nimelifikiria sana lile neno. Sijui alitaka nihesabu upya, au vipi.


Jumapili, 10 Mei

Leo ndiyo siku ya mwisho ya fomu. Nimepiga simu baada ya chakula cha mchana. Nilipanda juu ya kilima cha kokoto, mahali ambapo mtandao haukatiki kweli.

Nimemsomea mama watoto ripoti yote. Sinki, mwalimu wa mara nne, dawati moja, kichwa. Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Nikasema baada ya uchunguzi wa kina napendekeza tuongeze siku, niulize pia upande wa kituoni. Aliacha nimalize mpaka mwisho.

Akasema fomu ilirudi Alhamisi.

Nikauliza imerudije bila mimi. Akasema mwenye fomu ameijaza mwenyewe, akampa mwalimu wake. Alitaka kuniambia Ijumaa, nikasema jambo la watu wazima. Akampa simu.

Binti ana sauti mpya. Ya mtu aliyekua. Akanisalimu, nikaitikia. Nikamuuliza amechagua ipi. Akasema ya huko kwako, baba. Nikamuuliza kwa ushahidi gani, je, alijua kuhusu maabara, alijua kuhusu paa la bwalo? Akasema hakujua. Akasema shule zote zina madawati, atasoma tu.

Nikamuuliza basi kwa nini.

Akasema anataka kuwa anaweza kuniuliza kitu bila mtandao kukatika.

Nilikaa juu ya kokoto. Nyingine ziliteremka. Nikataka kumjibu, na kwa bahati mbaya nilichokisema, kwa mazoea, ni halo, halo, unanisikia? Akasema ananisikia vizuri kabisa. Akasubiri. Nikamwambia aje na sweta, asubuhi huku kuna baridi.

Nimeshinda leo sioni uchovu. Nimefua shati. Nimepima chumba changu kwa hatua, kama kitanda cha pili kitaingia kwa siku za likizo fupi, atakapotoka bwenini. Kinaingia, ikiwa mimi nitakuwa navalia nje.


Jumatano, 13 Mei

Ukuta umekwisha jana. Mafuta, kisha maji. Hausemi chochote. Wanafunzi wakipita wanaukodolea macho kwa matumaini.

Leo tumehamishiwa zahanati, mimi na Profesa. Ukumbi mrefu wa kusubiria, mabenchi pande mbili, wagonjwa wanasubiri muda wa saa mbili mpaka tatu. Profesa amesema zahanati hupimwa kwa vyoo.

Mama watoto amepiga simu. Wameletewa karatasi nyingine: binti achague mchepuo, sayansi au biashara, kabla ya mwisho wa mwezi. Akasema binti yupo hapo, ana la kusema, anipe? Nikasema asimpe kwanza. Mambo ya mchepuo hayaendi kwa pupa, ni maisha ya mtoto haya. Nikasema aniachie mimi, nimeshapata uzoefu wa kazi hii.

Maana sasa nimekuwa mtu mwingine. Nimejua nilipokosea. Nilitumia wino.

Kwa hiyo leo nimeomba chaki. Chaki inafutika kwa kitambaa. Mkono wa kwanza umekauka saa nne, wa pili ni kesho, na benchi zimejaa watu wenye muda na elimu mbalimbali, mmoja hata ni daktari. Nimeandika kwa herufi kubwa, upande wa dirisha penye mwanga: MTOTO WA KIKE ANAYEINGIA SEKONDARI ASOME SAYANSI AU BIASHARA? SEMA KWELI.

Mchana nimerudi kutazama. Jibu moja limeshaingia, mwandiko wa kutetemeka, nadhani ni wa yule mzee mwenye homa: "Muulize mwenyewe."

Hakuelewa swali. Nimemweka kwenye kura zilizoharibika.